Nilivyouruka Ubeti wa Katibu

Jumapili, katikati ya Mei. Gitting.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye bati la darasa la nne na mlima haukuonekana kabisa. Sasa hivi jua limetoka, lakini ni jua la huku, la kuangalia tu, halimpashi mtu moto. Nimevaa masweta mawili na nimekaa mlangoni na daftari magotini. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimesugua sufuria lile lile mara mbili.

Karibu mwezi mzima sijaandika humu. Kulikuwa na mitihani, kukawa na mafua, na kusema kweli kulikuwa na uvivu. Leo lazima niandike, na lazima nianzie kwenye ile siku ya kurekodi, maana yaliyotokea leo hayaeleweki bila ile siku.

Kwanza nikiri.

Nilikosea.

Nilikosea mbele ya kijiji kizima na mbele ya mashine ya watu wa redio, katika wimbo wa kwanza wa maisha yangu kuingia kwenye tepu. Sijawahi kukosea vizuri namna ile.

Bendi yetu ni ya kijiji na tuko wanne. Tarmo, ambaye siku sita za wiki anaendesha trekta la kijiji, ndiye mpiga solo, mtunzi na kiongozi. Nada anapiga ridhimu na kuimba. Boay ni fundi seremala. Ngoma anazopiga kazitengeneza mwenyewe, na anazifunika kwa turubai kama mtu anavyofunika baiskeli mpya. Wa nne ni mimi, Mwalimu Zaituni, mtoto wa Kondoa niliyeletwa huku na barua ya kazi. Napiga besi.

Besi sikuitafuta. Aliyekuwa akiipiga ni mganga wa zahanati. Akahamishiwa Yaeda Chini, akaondoka na sanduku lake, gitaa akaliacha limeegemea magunia ya mbegu kwenye ofisi ya kijiji. Tarmo alikuwa amesikia kwamba chuoni nilipiga gitaa kavu. Siku moja akaja shuleni na ovaroli yake ya grisi, akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu kama mzazi aliyeitwa kwa makosa ya mtoto.

"Mwalimu, lile la chuoni lilikuwa na nyuzi ngapi?"

"Sita."

"Hili lina nne tu. Umepunguziwa kazi."

Nyuzi nne, kweli, ila nene kama waya wa uzio. Wiki mbili za kwanza vidole vilijaa malengelenge, nikawa nashika chaki kwa ncha za kucha. Watoto wa darasa la tatu wakaniuliza kama nimeunguzwa na uji. Baadaye ngozi ikawa ngumu, na siku moja, sijui ilikuwaje, nikaacha kuhesabu moyoni.

Umeme hatuna. Amplifaya yetu inakula betri ya trekta, ndiyo maana tunapiga Jumapili, trekta likiwa limepumzika. Siku ya kwanza Tarmo alipounganisha zile nyaya na mimi nikagusa uzi wa juu, sauti ilipita kwenye benchi nililokalia, ikanipanda mgongoni. Nilishtuka, nikacheka kwa sauti. Gitaa kavu linasikika masikioni. Besi unaisikia kwenye mifupa. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini tangu siku ile sijalalamika tena kuhusu baridi ya Gitting.

Mwezi uliopita Bwana Amsi, katibu wa kijiji, akatuita. Watu wa redio wanapita na gari la kurekodi, wanakusanya nyimbo za bendi za huku kwetu. Sisi tumepewa nafasi ya nyimbo mbili.

Wimbo wa kwanza haukuwa na ubishi. Ni wimbo wetu wa ngano, ambao kila mtu hapa anaujua mpaka watoto wachanga. Una beti tatu, na ubeti wa tatu kautunga Katibu mwenyewe. Aliuleta umeandikwa kwenye karatasi ya ofisi, kwa mwandiko mzuri sana, akatusomea akiwa amesimama:

*Bomba limefika, maji yako karibu,*
*Shule ina bati, watoto wana vitabu,*
*Zahanati ina dawa, ukiumwa kuna tabibu,*
*Ndugu uliye mbali, nyumbani tunakusubiri.*

Mstari wa mwisho haukupatana na mingine kwa vina. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Nada alitazama dari.

Wimbo wa pili ulikuwa wa Tarmo, na unaitwa Martina.

Martina ni mke wake. Mimi nilikuwa sijamwona. Nilipofika Gitting alikuwa ameshaondoka. Nimesimuliwa na mama wa nyumba ninayopanga. Watu walipohamishwa kuja kuishi pamoja hapa kijijini, nyumba ya Tarmo ilibaki kule bondeni, karibu na chemchemi yao. Hapa walipewa kiwanja kizuri kwenye mstari wa nyumba, ila maji yalikuwa mbali mno. Martina alibeba ndoo mgongoni kutwa mara tatu, msimu mzima. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji akasimama mbele ya watu wote, akamwambia Bwana Amsi, "Umetupanga kama viazi kwenye tuta, ukasahau kumwagilia." Wiki iliyofuata akafunga mzigo, akarudi kwa wazazi wake Tlawi. Hakukuwa na ugomvi wa ndani. Alimwambia Tarmo, "Mahali pakiwa na maji, nitumie habari."

Bomba limefika mwaka huu, kabla ya masika. Tarmo alituma habari kwa mdomo mara mbili. Hakupata jibu. Labda hazikufika. Labda zilifika hazikuaminika. Ndipo akatunga wimbo. Mtu asiyeweza kusema maneno kumi bila kuangalia viatu vyake, katika wimbo anasema hivi:

*Martina, kiti chako hakijakaliwa na mtu,*
*Nimejaribu kupika, mbwa amenusa akaondoka,*
*Martina rudi.*

Kila tulipoufanyia mazoezi tulicheka kwenye mstari wa mbwa, halafu tukanyamaza kwenye "rudi". Redio inafika Tlawi. Sote tulijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Siku yenyewe gari la redio lilifika saa nne asubuhi, matope mpaka kwenye vioo. Fundi mitambo alikuwa Bwana Jumbe, mtu mwembamba kutoka Dar es Salaam, amevaa koti la kazi la bluu na kofia ya sufu aliyoazimwa njiani kwa sababu ya baridi. Alichagua darasa la tano. Akapiga kofi moja katikati ya chumba, akasikiliza mwangwi, akatikisa kichwa.

"Naomba mablanketi," akasema. "Mengi."

Kijiji kikatoa mablanketi. Yalikuja ya mistari, ya kijivu, yaliyotobolewa na moto, na moja la harusi ambalo mwenyewe alisimama chini yake muda wote kulilinda. Tukayatundika kwenye kuta zote nne mpaka darasa likawa kama tumbo la kondoo. Lilinuka moshi na maziwa. Bwana Jumbe akapiga kofi tena, na safari hii kofi likafa papo hapo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Boay aliwekwa pembeni nyuma ya magunia ya maharage ili ngoma zake zisitumeze. Walikuwa na jenereta yao, wakaiegesha mbali nyuma ya vyoo. Kipaza sauti kimoja kikawekwa mbele ya Nada, kingine katikati yetu. Bwana Jumbe akatueleza kwamba yote yanaingia pamoja kwa mara moja. Hakuna kurekebisha kipande. Akiinua mkono tunaanza, akiushusha tumemaliza.

Nje watu walijaa madirishani. Bwana Amsi alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha mwalimu, amevaa suti. Pembeni yake alikuwa mama yake mzazi, bibi mzee sana ambaye alikuwa ameletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe ili asikie maneno ya mwanawe yakiingia kwenye mashine.

"Shikamoo bibi," nikamwambia nilipopita na gitaa langu.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetetemesha benchi?"

"Ndiyo, bibi."

"Tetemesha vizuri. Masikio yangu yamechoka, lakini mifupa inasikia."

Nilitaka kumkumbatia.

Mkono wa Bwana Jumbe ukainuka. Tukaanza.

Sijui nieleze vipi. Jumapili zote tunapiga huku trekta likitusubiri, kuku wanapita, mtu anaomba kiberiti. Siku ile kijiji kizima kilikuwa kimya, nikasikia kwa mara ya kwanza tulivyo. Solo ya Tarmo ilikuwa nyembamba na safi kama maji yanayotoka juu mlimani. Nada aliimba ubeti wa kwanza bila kupepesa. Ubeti wa pili ukaja, vidole vyangu vikienda vyenyewe. Nikaanza kutabasamu peke yangu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Wimbo wetu baada ya ubeti wa tatu unaingia kwenye chemko, pale mwendo unapobadilika, maneno yanaisha na watu wanaanza kucheza. Ishara ni Tarmo kuinua shingo ya gitaa. Besi inaingia ya kwanza, wengine wanafuata. Sasa mwisho wa ubeti wa pili mkanda wa gitaa la Tarmo ukateleza begani. Akaliinua kidogo kuuweka sawa. Mimi nikaona shingo imepanda.

Nikaingia.

Boay kule nyuma ya magunia haoni kitu, anafuata besi tu. Akaingia na mimi, kwa nguvu zote. Tarmo akanigeukia na macho kama ya mtu aliyeona trekta linaondoka peke yake. Nada alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya "Bomba limefika". Akaufunga.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini mikono haikusimama, na nadhani kama ningesimama yote yangeharibika. Tarmo akafanya kitu ambacho sitakisahau. Alifumba macho, akaruka juu ya mwendo wangu na kupiga solo ambayo hatujawahi kuisikia, ndefu, ya kuchekesha, inakimbia na kurudi. Boay akapandwa na wazimu. Nje madirishani nikaona vichwa vinapanda na kushuka. Walikatazwa kupiga kelele, hawakukatazwa kucheza.

Mkono ukashuka.

Bwana Jumbe akavua visikilizio vya masikioni. "Hii," akasema, "ni kali." Akaurudisha utepe, akatufungulia spika ili tusikie.

Nilisikia besi yangu ikitoka kwenye mashine. Nilisikia kila kidole changu. Kwa dakika chache nilisahau kabisa kwamba nimefanya kosa, nikawa nimesimama tu hapo, mkono mdomoni, kama mtu aliyeona picha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Sikujua kwamba tuko hivyo. Sikujua kwamba *mimi* niko hivyo.

Wimbo ukaisha. Bibi akamshika mwanawe mkono.

"Mbona maneno yako sijayasikia?"

Bwana Amsi akasimama, akafunga kifungo cha koti. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Ubeti wangu umeenda wapi?"

Boay akajificha zaidi nyuma ya magunia. Tarmo akavuta pumzi aseme kitu, na nikajua atasema kosa ni la mkanda wake. Nikamtangulia.

"Nimeuruka mimi, Bwana Katibu. Nilidhani kiongozi ameinua gitaa. Si hila, ni kosa. Nisamehe."

Alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akamgeukia Bwana Jumbe. "Tunaweza kurudia?"

Bwana Jumbe alikuwa anatazama dirishani. Wingu jeusi lilikuwa limeshika nusu ya mlima. "Mvua ile ikifika bonde lile, gari hili halitoki leo wala kesho, na kesho nasubiriwa Katesh. Nina nafasi ya wimbo mmoja. Mkitaka nifute huu mrudie, sawa. Mkitaka nibakishe huu mpige ule wa pili, sawa. Viwili haviwezekani."

Sikumtazama Tarmo. Sikuweza. Lakini nilisikia anavyolegeza uzi, taratibu, kama mtu ambaye ameshajua jibu. Katibu ni katibu. Kijiji ni cha wote, na Martina ni wa mtu mmoja.

"Turudie wa ngano," Tarmo akasema. Aliangalia viatu vyake.

Bwana Amsi alibaki amesimama. Nilidhani ataketi na kusema "asanteni". Badala yake akasema, "Huo wa pili ni wa yule mama aliyenisema kwenye mkutano?"

"Ndiyo, Katibu."

"Wa viazi."

Mtu mmoja dirishani alicheka akajizuia.

"Niliondoka mkutanoni siku ile na hasira," Bwana Amsi akasema. "Nikafika nyumbani, nikamkuta mke wangu naye hayupo, kaenda maji. Akarudi jua limezama. Kuanzia siku hiyo niliandika barua za bomba mpaka wakubwa wilayani wakawa wakiniona wanageuza njia." Akatoa ile karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaitazama. "Huyo mama alisema atumiwe habari maji yakifika. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi habari yenyewe ndiyo hii. Ubeti wangu utaingia kwenye wimbo wako?"

Tukatazamana. Nada akaanza kuupima kwa midomo bila sauti. Mimi nikagusa nyuzi, polepole, mwendo wa Martina, na ubeti wa Katibu ukakaa juu yake kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Boay akainuka kutoka kwenye magunia. "Tuitikie 'Martina rudi' kila mstari!"

"Na mstari wa mwisho?" Nada akauliza, kwa uangalifu mkubwa. "Ule wa 'tunakusubiri'?"

"Huo ndio mzuri kuliko yote," Katibu akasema. "Usiuguse."

Hatukuufanyia mazoezi hata mara moja. Nilikaza mkanda wa Tarmo kwa mkono wangu mwenyewe, nikaufunga fundo. Mkono wa Bwana Jumbe ukainuka.

*Bomba limefika, maji yako karibu — Martina rudi!*
*Shule ina bati, watoto wana vitabu — Martina rudi!*

Madirisha yakashindwa kujizuia. Kwenye "Martina rudi" ya pili kijiji chote kiliitikia, wanaume kwa wanawake. Nilimwangalia Bwana Jumbe kwa hofu, lakini alikuwa anapunga mkono wake wa kushoto: endeleeni, endeleeni. Bibi alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya benchi. Safari hii nilisubiri ishara kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe, na shingo ya gitaa ilipopanda, ilipanda kweli.

Mvua ilianza wakiwa wanafunga milango ya gari. Waliwahi.

Hayo yalikuwa ya mwezi uliopita.

Jumatano hii iliyopita, saa kumi alasiri, wimbo ulitoka. Redio ya mwalimu mkuu iliwekwa dirishani na shule yote ikakaa chini kwenye nyasi. Tarmo hakuja. Alikuwa shambani, na walioko karibu naye wanasema alizima trekta, akakaa juu ya gurudumu akiangalia upande wa Tlawi, ingawa kutoka kule huwezi kuona chochote ila ukungu.

Alhamisi bomba likakauka.

Sikuamini. Kule juu mlimani udongo ulikuwa umesogea na kuvuta mabomba. Bwana Amsi alipanda na wanaume kumi na majembe, wakashinda huko Ijumaa na Jumamosi. Jana jioni walishuka wamechoka, wakasema wameunganisha, lakini maji hayakuwa yamefika bado.

Na leo, baada ya misa, watu wakiwa bado wamesimama makundi makundi nje ya kanisa, mwanamke mmoja akapanda kilima kutoka barabarani. Mrefu, mzigo mgongoni, kuku mkononi. Mimi nilikuwa napita nikienda mazoezini na besi yangu. Watu wakanyamaza kundi baada ya kundi alivyokuwa akipita.

Hakumsalimia mtu yeyote isipokuwa wazee. Kwao alisimama, akainama, shikamoo kwa kila mmoja bila kuruka hata mmoja. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Liko wapi?"

"Nini, mama?"

"Bomba. Nimeimbiwa nchi nzima. Kaka yangu amekodolewa macho sokoni. Nimekuja kuona kama lipo."

Bwana Amsi alitoka kwenye kundi la wanaume. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Akamwongoza. Sisi sote nyuma. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakitembea bila kuongea. Kwenye kona ya ghala Tarmo alitokea na gitaa, akamwona, akasimama pale pale.

Martina aliweka kuku chini ya kwapa, akafungua koki.

Hakuna kitu. Halafu upepo, fyuuu. Halafu bomba likakohoa kama mzee asubuhi, likatema tope. Bwana Amsi alifumba macho. Likatema tena. Likatulia. Mimi nilikuwa nimelikumbatia gitaa mpaka nyuzi zikanichoma kifuani.

Kisha maji yakaja. Mekundu kwanza, halafu ya maziwa, halafu safi kabisa.

Alikinga kiganja, akanywa. Akakinga tena, akanawa uso. Akafunga koki vizuri, akaikaza, ili hata tone lisipotee. Akamgeukia Bwana Amsi.

"Limechelewa."

"Limechelewa, mama. Ni kweli."

"Ila lipo." Akamtazama Tarmo, ambaye alikuwa ameshika gitaa mbele yake kwa mikono miwili kama ngao. "Na ile habari ya mbwa?"

"Ni kweli," Tarmo akasema.

"Na ya kiti?"

"Kipo. Hakuna aliyekikalia."

"Nitakwenda kukiangalia nacho," akasema Martina, na akampa ashike kuku.

Watu walipiga kelele iliyowatoa ng'ombe kwenye malisho. Nada alikuwa analia na kusingizia vumbi, na leo hakuna vumbi. Bwana Amsi akasogea pembeni, akakaa juu ya jiwe akavua kofia, na nilipopita akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lile kosa lako. Uwe unakosea mara kwa mara."

Hakuna aliyeuliza kama amerudi moja kwa moja. Amesema yupo mpaka ngano ivunwe, kisha ataona. Mzigo wake ni mkubwa kidogo kwa mtu wa kuangalia tu. Lakini hayo ni yao.

Mazoezi tulifanya. Martina alikaa nyuma, mikono imekunjwa. Tarmo alikosa kila noti. Mwisho akaambiwa kutoka nyuma, "Redioni hukuwa na aibu," na baada ya hapo akapiga vizuri mno.

Yamebaki yangu mimi.

Jumatano mtangazaji alisoma majina yetu sote wanne. Alisema, "na kwenye gitaa la besi, Mwalimu Zaituni," na shule nzima ikapiga makofi. Mimi nilicheka nao, lakini mawazo yalishanirudisha nyumbani. Baba yangu Kondoa ana redio, na hawezi kunywa chai ya alasiri bila hiyo redio. Na katika barua zangu zote, tangu nifike huku, nimemwandikia kwamba Jumapili zangu ni za kusahihisha madaftari. Nasahihisha, asubuhi. Mchana sikuwahi kuutaja. Nilijiambia hataelewa, binti yake amesimama mbele ya watu na gitaa. Ukweli ni kwamba sikumpa nafasi ya kuelewa wala ya kutoelewa.

Nimeona mwanamke leo ametembea kutoka Tlawi kuja kuuliza jambo lake waziwazi mbele ya kijiji kizima. Mimi nashindwa na karatasi na kalamu?

Nimeshaichana karatasi katikati ya daftari hili. Nitaandika sasa hivi, mwanga ungali upo, na kesho asubuhi nimpe dereva wa basi. Sitazunguka. Nimeshapata mwanzo:

*Baba, shikamoo. Kama Jumatano ulisikia redio, usimuulize mtu. Yule wa besi ni mimi, na naipenda sana.*